Hita ya maji: ipi inakula umeme kidogo?

Hita za maji zinatafutwa zaidi katika miji yenye baridi kama Nairobi, Arusha, Mbeya na Kigali. Anayenunua ya nyumbani kwake na anayeleta mzigo wa kuuza wanahitaji hesabu moja.

Kupasha lita 100 kutoka nyuzijoto 20 hadi 60 kwa koili ya umeme kunataka uniti 4.7 hivi, chapa iwe yoyote. Tofauti iko kwenye kiasi cha maji unachopasha na joto linalopotea yakiwa yamekaa. Hita ya papo hapo ya wati 5,500 ikiwaka dakika 10 inakula uniti 0.9, na ikizimwa haili kitu. Familia ya watu wawili watatu inatosheka nayo. Lakini inavuta ampea 24, hivyo iwe na laini yake yenye waya wa milimita za mraba 4 na ifungwe ethi. Waya mwembamba ndio unaochoma nyumba.

Tahadhari kwa waagizaji: Brazil, zinakotengenezwa nyingi za aina hii, inatumia volti 127 na pia 220. Ukileta za 127 zitaungua siku ya kwanza, na mteja atakutafuta wewe, si kiwanda.

Ya tangi inafaa nyumba yenye watu wengi. Angalia unene wa foronya ya ndani inayozuia joto, na uulize kama fimbo ya magnesiamu inabadilishika. Panapokuwa na maji ya chumvi, fimbo hiyo ikiisha, tangi linaoza.

Sola ni ghali kununua, ila jua halina bili. Ya mirija ya kioo hufanya vizuri kwenye baridi. Ya bapa huvumilia zaidi safari na mawe. Lita 200 ni kilo 200 juu ya paa, mbali na tangi lenyewe. Mirija iliyokaa juani mikavu isijazwe maji baridi mchana, itapasuka. Wasafirishaji waifunge imara na wasiipandishie mzigo mwingine.

Forodhani zisichanganywe: ya umeme huingia 8516.10, ya gesi ya papo hapo 8419.11, na ya sola 8419.12, namba iliyoanza na mfumo wa HS wa 2022. Ankara yenye namba ya zamani huchelewesha gari mpakani.