Aasif Karim: mrushaji aliyeitwa moto ukiwaka

Msikilizaji, mwezi Juni mwaka 2019 timu mbili mashuhuri za besiboli za Marekani, New York Yankees na Boston Red Sox, zilikuja kucheza hapa London mbele ya watazamaji wapatao 60,000. Siku ya kwanza, warushaji walioanza mchezo kwa pande zote mbili waliondolewa kabla hata ya awamu ya kwanza kumalizika. Kazi ikabaki kwa warushaji wa akiba. Hao ni watu wa namna ya pekee: huitwa mambo yakishaharibika, hurusha kwa muda mfupi, na sifa au lawama yao yote hutokana na muda huo.

Kriketi, ambayo sheria zake hutunzwa na klabu ya MCC hapa hapa London, haina cheo cha namna hiyo. Nahodha huwagawia warushaji wake ova, kila ova mipira 6, na katika mechi ya siku moja hakuna anayeruhusiwa kuzidisha ova 10. Hata hivyo Afrika Mashariki iliwahi kuwa na mtu aliyeifanya kazi ya mrushaji wa akiba kwa maana yake kamili. Naye ni Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa.

Karim alizaliwa mwaka 1963. Alikuwa mwanamichezo wa mikono miwili, kama wasemavyo, kwani aliichezea Kenya tenisi pia katika mashindano ya Davis Cup. Katika kriketi alirusha kwa mkono wa kushoto, taratibu, akiuzungusha mpira kwa vidole ili ukigusa ardhi upinde njia. Alikuwamo kikosini mwaka 1996 Kenya ilipocheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, na mwaka 1999 akawa nahodha wakati mashindano hayo yalipofanyika hapa Uingereza. Kenya ilipoteza mechi zake zote 5. Baada ya hapo Karim akastaafu, na hakuna aliyeshangaa. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Lakini mwaka 2003 aliitwa tena. Kombe la Dunia lilikuwa Afrika Kusini, huku baadhi ya mechi zikichezwa Zimbabwe na Kenya, naye alikuwa na miaka 39. Kenya iliishinda Sri Lanka jijini Nairobi, ikaishinda Bangladesh, kisha Zimbabwe, na kuingia nusu fainali. Hata hivyo manung'uniko hayakukoma. New Zealand ilikuwa imekataa kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama, miezi michache baada ya shambulio la Kikambala la Novemba 2002, na Kenya ikapewa pointi za mechi hiyo bila kurusha mpira hata mmoja. Wapo waliosema kwamba Wakenya wamebebwa. Kwa hiyo mechi ya tarehe 15 Machi mjini Durban, dhidi ya mabingwa watetezi Australia, haikuwa na athari kwa nafasi ya Kenya katika nusu fainali, lakini kwa heshima yake ilikuwa na uzito mkubwa.

Nayo ilianza kwa aibu. Brett Lee aliwatoa wapigaji watatu wa Kenya kwa mipira mitatu mfululizo, ubao ukisomeka mikimbio 3. Nahodha Steve Tikolo akasimama imara, akapata 51, na Kenya ikafikisha 174. Adam Gilchrist alijibu kwa 67 ya haraka haraka. Ilionekana Australia ingemaliza kazi mapema na kwenda kupumzika.

Hapo ndipo Tikolo alipomkabidhi mpira mzee wake. Nahodha wa Australia, Ricky Ponting, alinaswa mguu ukiwa mbele ya wiketi. Darren Lehmann akadakwa nyuma ya wiketi. Brad Hogg akaupiga mpira ukarudi mikononi mwa Karim mwenyewe. Australia ikawa na mikimbio 117 na wapigaji watano wamekwisha kutoka. Wapigaji waliokuwa wakiwaadhibu warushaji wa kasi duniani kote sasa waliuzuia mpira kwa tahadhari, kama mtu apapasaye ukuta gizani.

Andrew Symonds na Ian Harvey walitulia, wakaimaliza kazi kwa Australia. Lakini tazama hesabu ya Karim: ova 8 na mipira 2, ova 6 kati ya hizo bila mkimbio hata mmoja, mikimbio 7, wiketi 3. Katika ova 8 kamili alitoa mikimbio 2 tu. 5 iliyosalia ilitoka kwenye mipira miwili ya mwisho wa mechi. Akatangazwa mchezaji bora wa siku hiyo, ingawa timu yake ilishindwa. Ni nadra kuona hivyo, na kwa maoni yangu waamuzi hawakuwa na la kujadili.

Siku 5 baadaye, katika uwanja ule ule, Kenya ilitolewa na India kwa tofauti ya mikimbio 91. Karim akastaafu kwa mara ya pili, na safari hii hakurudi. Mwanawe, Irfan, alikuja kuichezea Kenya pia, lakini zama zilikuwa zimebadilika: ugomvi wa malipo na uongozi ulikuwa umeitafuna kriketi ya nchi hiyo, na mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.