Uvimbe wa Taya Uliofunza Ulimwengu Siri ya Saratani

Mzazi wa Kongowea au Ziwa la Ng'ombe, mjini Mombasa, akiona shavu la mwanawe limefura na magego yanacheza, aghalabu humkimbiza kwa daktari wa meno. Jino likishang'olewa uvimbe huzidi kukua, na kufikia siku mtoto anapovushwa Daraja la Nyali kupelekwa hospitali ya Makadara, muda wa thamani umeshapotea. Seli za uvimbe huu zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ni limfoma ya Burkitt, saratani ambayo historia yake imeandikwa kwa miili ya watoto wa Afrika Mashariki.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliwahi kutumikia jeshi la Uingereza nchini Kenya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1957 alikuwa Hospitali ya Mulago, Kampala, mwenzake Hugh Trowell alipomwita amtazame mtoto aliyevimba taya zote mbili, kushoto na kulia. Burkitt hakuwahi kuona uvimbe wa namna hiyo. Muda si mrefu akamwona mwingine mjini Jinja. Alichapisha maelezo yake mwaka 1958, na wataalamu wa patholojia wa Kampala wakathibitisha kwamba ile ni saratani ya mfumo wa limfu.

Kilichomshughulisha zaidi ni ramani. Oktoba 1961, pamoja na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, alipanda gari kuukuu wakasafiri kama kilomita 16,000 kwa wiki kumi, wakipita hospitali hadi hospitali kuelekea kusini mwa Afrika. Wakagundua kwamba ugonjwa hufuata joto na mvua, na kwamba ni nadra juu ya mita 1,500. Hapa Kenya, pwani yetu na ufuo wa Ziwa Victoria zikaangukia ndani ya ukanda huo. Nyanda za juu zikasalimika. Ramani ya malaria ilikuwa ile ile. Mtawanyiko huo ulidokeza kuwapo kwa kiambukizi, na mwaka 1964, Tony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wa London wakatangaza kuona virusi vipya ndani ya seli za uvimbe uliosafirishwa kutoka Uganda.

Nairobi nako, daktari Peter Clifford alikuwa akiwatibu watoto hawa kwa dawa na kutuma vipande vya uvimbe Stockholm, kwa George na Eva Klein. Katika vipande hivyo ndimo zilimotoka seli zinazoitwa Daudi, ambazo hadi leo hukuzwa katika maabara za mabara yote. Nasikitika kwamba wanafunzi wetu wengi wa sayansi hawajui kuwa asili yake ni Kenya.

Seli hizo na nyingine za jamii yake ndizo zilizofumbua fumbo. Mwaka 1976 ilidhihirika kwamba kipande cha kromosomu ya 8 huhamia kromosomu ya 14. Mwaka 1982 likajulikana jeni linalohama nacho: MYC. Likishafika makazi mapya, MYC hutoa protini bila kikomo, na protini hiyo huamuru seli ijigawe, ijigawe tena.

Lakini seli yenye MYC iliyopandwa na wazimu ilipaswa kufa. Mwili una jeni la TP53, ambalo protini yake, p53, ni bawabu. Katika seli tulivu p53 hutengenezwa na kuvunjwa upesi, kwa hiyo huwa kidogo mno. Hatari ikizuka hujaa, ikaamsha jeni nyingine: p21 husimamisha mgawanyiko, PUMA na BAX huiua seli. Mwaka 1991 watafiti waliripoti kasoro za TP53 katika takriban theluthi moja ya vipande vya limfoma ya Burkitt walivyopima. Jeni likiharibika, p21 na PUMA hazipandi tena inavyostahili. Jambo la kushangaza ni kwamba mara nyingi p53 yenyewe haitoweki. Protini mbovu haivunjwi, hurundikana, na mtaalamu akipaka rangi yake kwenye kipande cha uvimbe huona viini vya seli vimekolea. Bawabu wamejaa langoni, hakuna hata mmoja anayezuia mtu.

Kwa mgonjwa hili ni jambo zito. Dawa kama saiklofosfamidi, ambazo Burkitt na Clifford walizitumia kuponya baadhi ya watoto miaka ya 1960, huharibu DNA ya seli na kutegemea p53 imalizie kazi. Ndiyo maana watoto wenye kasoro ya TP53 wamo katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurudi. Hata hivyo wengi hupona wakianza dawa mapema, na uvimbe wa taya unaokua haraka kwa mtoto unastahili kipimo cha patholojia kabla ya koleo la meno.

Mwaka 2012 likaongezeka jeni jingine linaloharibika, ID3, ambalo protini yake huizuia TCF3 isichochee seli. Wagonjwa wa Ulaya na Marekani wana kasoro hiyo kwa wingi kuliko watoto wa ukanda wa malaria. Uvimbe wa mtoto wa Kisauni basi hauwezi kusomwa kwa kitabu cha mtoto wa Berlin. Sampuli za kwanza zilisafirishwa nje kwa kukosa maabara; zinazochukuliwa sasa zichunguzwe jeni na protini zake hapa hapa Kenya, na majibu yamfikie daktari wa Makadara mtoto akingali wodini.