Liemba, meli ya vita iliyobeba wakimbizi

Kuna kijana Mrundi kwenye kikundi chetu hapa Busia. Kila tukigawa karatasi yeye anachora meli, ile ile: bomba moja katikati, na mitumbwi imeizunguka. Nikamuuliza meli ameiona wapi, maana huku tunajua malori tu, yamepanga foleni kwenye njia ya Tororo. Akaniambia, "Kaka, hiyo ndiyo ilinitoa Kagunga."

Basi nikaanza kuitafuta historia yake. Kumbe ina miaka zaidi ya mia, na kazi yake ya kwanza ilikuwa vita.

Ilitengenezwa mwaka 1913 kwenye kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg, Ujerumani. Walipomaliza kuiunga wakaifungua tena, wakaipakia kwenye masanduku 5,000. Ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, ikaungwa upya pale ufukweni. Tarehe 5 Februari 1915 ikaingia Ziwa Tanganyika ikiitwa Graf von Götzen. Huyo Götzen ndiye aliyekuwa gavana Maji Maji ilipolipuka mwaka 1905, kwa hiyo usinilazimishe kulipenda hilo jina.

Wakaifunga mzinga wa Königsberg, manowari yao iliyokwisha kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Waingereza nao wakaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kupitia Kongo, zikikokotwa juu ya milima. Waandishi wanaipenda sana hii stori. Maofisa wote wana majina. Waliofyeka njia na kuvuta kamba, hata mmoja hutajiwa.

Sehemu iliyonishika mimi ni nyingine. Julai 1916 Wajerumani walikuwa wanakimbia Kigoma, na tarehe 26 wakaizamisha meli yao wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nene. Mtu anayepaka grisi anafikiria kurudi. Wengi mnaosoma hapa mlifukia sufuria au mliacha ufunguo kwa jirani, sina haja ya kuwaeleza.

Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakaikuta injini bado nzima, ile grisi ilifanya kazi yake kwa wengine. Mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe.

Sisi wa Busia hatushangai kitu kikibadilisha kazi. Baiskeli iliyovusha abiria kutoka boda hadi boda ndiyo pia ilivusha kahawa ya magendo zama za Amin. Liemba ilibeba dagaa, mahindi, mananasi, wafanyabiashara na watalii. Mwaka 1997 UNHCR waliikodi kuwarudisha kwao Wakongomani zaidi ya 75,000.

Halafu ikaja Mei 2015. Warundi maelfu kwa maelfu walijazana Kagunga, kijiji cha wavuvi upande wa Tanzania. Nyuma mlima mkali, mbele maji, barabara ya gari hakuna. Kipindupindu kikaingia, kikaua watu zaidi ya 30. Liemba ilikuwa haiwezi kufika ufukweni, ilisimama mbali kidogo, watu wakipelekwa kwa boti za wavuvi na kupandishwa mmoja mmoja, wazee, watoto, magodoro. Karibu watu 600 kila safari hadi Kigoma, kisha mabasi hadi kambi ya Nyarugusu.

Ndiyo maana mchoro wa yule kijana una mitumbwi mingi hivyo. Yeye alikuwa mdogo, alirushwa kutoka boti hadi kwenye mikono ya mtu asiyemjua.

Wiki iliyopita nikamwambia meli yake ilikuwa na mzinga. Hakuamini. Akaniuliza uliwekwa wapi. Nikamwambia juu, kwenye sitaha. Akaangalia karatasi yake kidogo, akasema pale kwenye sitaha ndipo walipokaa, yeye na mama yake, wamejifunika kanga moja. Akaendelea kuchora.