Kufuta Bila Kutengeneza: Dayala, Madirisha Ibukizi na Suala la Ushahidi katika Kompyuta za Nyumbani, 1996–2006

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya mwisho ya karne ya ishirini na ya mwanzo wa karne hii, kaya nyingi za Ulaya na Marekani ziliingia katika intaneti kupitia waya uleule wa simu uliotumika kwa mazungumzo ya kawaida. Kompyuta ilipiga simu kwa mtoa huduma wa intaneti, modemu ikapokelewa na modemu nyingine, na muda wa mawasiliano ukahesabiwa katika ankara ya mwisho wa mwezi. Utaratibu huo ndio uliozaa aina ya ulaghai inayochunguzwa hapa. Programu ndogo, ambayo katika insha hii inaitwa dayala, ilijipenyeza katika kompyuta na kubadili namba iliyopigwa, ili simu iende kwenye namba ya gharama kubwa ambayo sehemu ya mapato yake ilimfikia mwenye programu.

Ni rahisi kuisimulia historia hii kama ushindani wa kiufundi baina ya walaghai na watengenezaji wa zana za kusafishia kompyuta. Insha hii inashika mkondo tofauti. Hoja yake ya msingi ni kwamba kuitengeneza kompyuta iliyoingiliwa na dayala kulikuwa na madai mawili yaliyokinzana: kuisafisha mashine, na kuhifadhi ushahidi wa kilichotokea. Aliyesafisha upesi aliokoa ankara ya mwezi ujao, lakini aliweza kudhoofisha utetezi wake dhidi ya ankara ya mwezi uliopita. Mgongano huo ulianza kutatuliwa pale sheria ilipouhamisha mzigo wa kuthibitisha kutoka kwa mwenye laini ya simu kwenda kwa anayedai malipo.

2.0 Laini ya Simu kama Mlango wa Fedha

Kesi ya awali inayojulikana sana ilifikishwa mahakamani katika jimbo la New York mwezi Februari 1997 na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani. Wamiliki wa tovuti kadhaa za picha za ngono walikuwa wakiwataka wageni wapakue programu maalumu ya kutazamia picha bila malipo. Programu hiyo ilipoanza kufanya kazi, ilikata mawasiliano na mtoa huduma wa kawaida, ikazima kipaza sauti cha modemu, kisha ikapiga namba ya kimataifa iliyoandikishwa Moldova. Mtumiaji alitozwa zaidi ya dola 2 kwa dakika. Mawasiliano hayo hayakukatika alipoondoka kwenye tovuti husika. Yaliendelea hata alipotembelea kurasa nyingine, mpaka alipoizima kompyuta. Kufikia mwishoni mwa mwaka huo, makubaliano yaliyofikiwa yaliwapa zaidi ya wateja 38,000 fidia ya jumla ya dola milioni 2.74.

Mambo mawili katika kesi hiyo yana uzito wa kihistoria. La kwanza ni kuzimwa kwa sauti. Modemu za wakati ule zilitoa mlio wakati wa kupiga simu, na mlio huo ulikuwa dalili pekee ambayo mtu asiye fundi angeweza kuitambua bila kufungua chochote. Kuunyamazisha kulikuwa ni kumwondolea shahidi wake wa kwanza. La pili ni kwamba simu hizo hazikufika Moldova, ziliishia Kanada. Jina la nchi lililoandikwa kwenye ankara lilikuwa ni kigezo cha bei tu. Mteja aliyelalamika kwamba hamjui mtu yeyote Moldova alikuwa anasema kweli, lakini ukweli huo haukupingana na rekodi ya kampuni ya simu, kwa kuwa rekodi hiyo ilionyesha namba iliyopigwa na muda uliotumika. Haikuonyesha ni nani, au ni nini, kilichoipiga.

3.0 Madirisha Ibukizi na Swali la Ridhaa

Njia mojawapo kuu iliyozipitisha dayala ilikuwa ni dirisha ibukizi. Asili ya dirisha hilo haikuwa ulaghai. Ethan Zuckerman, aliyekuwa mwandishi wa programu katika kampuni ya Tripod mwishoni mwa miaka ya 1990, alieleza mwaka 2014 kwamba aliandika msimbo wa kufungua tangazo katika dirisha la pekee kwa sababu kampuni moja ya magari ilikerwa kuona tangazo lake ndani ya ukurasa wa mambo ya ngono. Dirisha la pembeni lilikuwa njia ya kulitenga tangazo na ukurasa. Na katika makala hiyohiyo aliomba radhi kwa matokeo yake.

Hata hivyo, uwezo wa ukurasa kufungua dirisha bila kuombwa ulibadilisha maana ya kubofya. Mtumiaji aliyezungukwa na madirisha alibofya ili kuyaondoa. Baadhi yake yaliigiza sura ya ujumbe wa mfumo wa Windows, na mengine yalileta ombi la kusakinisha kijenzi cha ActiveX kupitia kivinjari cha Internet Explorer. Ombi lilipokataliwa, liliweza kurudi tena na tena. Hivyo neno “Ndiyo” lililobofywa na mtu aliyechoka liliweza kudaiwa baadaye kuwa ni mkataba. Kwa mwanahistoria, hapa ndipo tatizo la kero linapogeuka kuwa tatizo la ridhaa: kitendo kilekile cha mkono kilikuwa na maana moja kwa aliyekitenda na maana nyingine kwa aliyekitoza.

4.0 Maarifa ya Kutengeneza na Mipaka Yake

Kutokana na hali hiyo, maarifa ya ufundi yalisambaa miongoni mwa watumiaji wa kawaida. Hatua ya kwanza ilikuwa ni kuchomoa waya wa simu kutoka kwenye modemu. Kisha ilikaguliwa orodha ya miunganisho ya simu iliyohifadhiwa katika Windows, ili kubaini uunganisho mgeni au uunganisho wa zamani ambao namba yake imebadilishwa. Baada ya hapo zilikaguliwa programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta, kwa kuwa dayala iliyofutwa faili yake moja iliweza kurejeshwa na nyingine. Zana za bure zilirahisisha kazi hiyo: Ad-Aware ya kampuni ya Lavasoft, Spybot – Search & Destroy ya Patrick Kolla, na HijackThis ya Merijn Bellekom. Zana hii ya mwisho ilitofautiana na zile mbili. Iliorodhesha mipangilio iliyoweza kutekwa, na kumwachia msomaji uamuzi wa kipi kiondolewe. Mwaka 2004 kampuni ya Microsoft nayo ilitoa toleo la pili la maboresho ya Windows XP, ambalo lilizuia madirisha ibukizi katika Internet Explorer na kuyahamishia maombi ya ActiveX kwenye upau wa taarifa usiomlazimisha mtumiaji kujibu papo hapo.

Maarifa hayo yalilenga kuirudisha mashine katika hali yake ya awali. Mafanikio yake, hata hivyo, yalikuwa ndiyo kasoro yake mbele ya sheria. Kompyuta iliyosafishwa kikamilifu haikuonyesha tena kwamba iliwahi kuingiliwa. Kwa sababu hiyo, washauri wa watumiaji nchini Ujerumani walisisitiza kwamba mwathirika atunze nakala ya dayala, tarehe za faili na mipangilio iliyobadilishwa, kabla ya kufuta chochote. Ushauri huo ulimtaka mtu aliyeingiwa na hofu aache mashine ikiwa na ugonjwa wake, jambo linalopingana na silika ya kawaida ya kutengeneza.

5.0 Ujerumani: Ni Nani Atakayethibitisha?

Nchini Ujerumani namba za gharama kubwa zilianza na tarakimu 0190, na kundi lililotumika sana lilitozwa yuro 1.86 kwa dakika. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 15 Agosti 2003 iliweka ukomo wa bei wa yuro 2 kwa dakika, ikaamuru simu ikatwe baada ya saa moja, na ikazitaka dayala zote ziandikishwe kwa mamlaka ya udhibiti wa simu na posta. Uandikishaji huo ulihusisha alama ya tarakimu inayokokotolewa kutokana na faili yenyewe, ambayo hubadilika endapo faili itabadilishwa hata kidogo. Hivyo nakala iliyotunzwa na mteja ilipata thamani mpya: iliweza kulinganishwa na rejesta. Dayala isiyoandikishwa haikumpa mwenyewe haki ya kudai malipo.

Uamuzi wa Mahakama Kuu ya Shirikisho wa tarehe 4 Machi 2004 ulikwenda mbali zaidi. Kampuni ya simu ilimdai mama mmoja takriban yuro 9,000. Mwanawe mwenye umri wa miaka 16 alikuwa amepakua faili iliyodaiwa kuongeza kasi ya intaneti. Aliifuta, lakini mipangilio ilikwisha kubadilishwa, na kila alipoingia katika intaneti simu ilipitia namba ya 0190. Mahakama iliamua kwamba mama hawajibiki kulipa gharama hiyo ya ziada. Kampuni ya simu ilinufaika na namba hizo, hivyo ilistahili kubeba hatari ya matumizi yake mabaya; na mteja hakuwa na wajibu wa kuweka kinga dhidi ya dayala pasipo dalili mahususi ya kuwapo kwake.

Kijana huyo alifanya kile ambacho mtumiaji mwangalifu angefanya: aliona faili isiyofaa, akaifuta. Kufuta hakukuwa kutengeneza. Mahakama ilikataa kuugeuza upungufu huo wa ufundi kuwa kosa la familia.

6.0 Marekani: Namba Haitoi Ridhaa

Suala hilohilo lilijitokeza Marekani katika kesi ya Verity International, iliyofunguliwa mwaka 2000. Wateja walitozwa dola 3.99 kwa dakika kwa simu zilizoandikwa kuwa za Madagascar, ingawa ziliishia Uingereza. Waliotoza walishikilia kwamba mwenye laini anawajibika kwa kila kilichopitia kwenye laini yake, kwa kuwa mtambo ulitambua namba yake. Mwaka 2006 mahakama ya rufani ilithibitisha kwamba kumwambia mwenye laini ambaye hakutumia wala kuidhinisha huduma kuwa analazimika kulipa ni udanganyifu. Kutambua namba hakukuwa sawa na kumtambua mtu.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba historia ya kuondoa dayala na madirisha ibukizi haiwezi kutenganishwa na historia ya uthibitisho. Intaneti ya kasi, ambayo haikuhitaji kupiga simu, iliziondolea dayala njia ya kufanyia kazi. Lakini haikumrudishia yeyote fedha zilizokwisha tozwa. Jambo hilo lilifanywa na sheria, pale ilipokubali kwamba rekodi sahihi ya simu inaweza kuwa shahidi asiyejua aliyeipiga.

Matokeo haya yana maana pia kwa mbinu za utafiti. Kumbukumbu zilizosalia ni zaidi zile za madai na hukumu, yaani za watu waliokataa kulipa. Waliolipa kimya kimya kwa aibu ya kuhusishwa na tovuti za ngono, na waliosafisha kompyuta zao kabla ya kuuliza, hawakuacha alama. Mtafiti anayetegemea hukumu peke yake hana budi kuzingatia kwamba ukubwa wa tatizo anaouona ni ule tu ulioponea ufutaji.