Kanjogera, Mke wa Mfalme na Mama wa Mfalme

Neno letu "malkia" hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Kinyarwanda huitenga: umwamikazi ni mke wa mfalme, na umugabekazi ni mama wa mfalme, anayeshiriki naye enzi. Msomaji asiyeijua tofauti hiyo hataelewa kwa nini ndoa ya Kigeli wa Nne Rwabugiri na Kanjogera iliutikisa ufalme mzima.

Mwaka 1889 Rwabugiri alimtawaza mwanawe Rutarindwa awe mshiriki wake katika enzi. Mama mzazi wa kijana huyo alikuwa amekwisha kufariki, na mila haikukubali mfalme asiye na umugabekazi. Rwabugiri akamteua mkewe Kanjogera, wa ukoo wa Abega, awe mama wa kupanga. Twaona hapo ndipo mume alipokosea hesabu, kwani Kanjogera alikuwa na mwana wake wa kumzaa, Musinga, na ndugu zake, hasa Kabare, hawakuwa watu wa kuridhika na cheo cha kuazima.

Rwabugiri alifariki mwaka 1895 katika safari ya vita dhidi ya Bushi, upande wa Ziwa Kivu. Mwaka uliofuata majeshi ya Rwanda yalishindwa na bunduki za askari wa Dola Huru ya Kongo huko Shangi, katika nchi ya Cyangugu. Humo aliuawa Bisangwa, mmoja wa nguzo za Rutarindwa. Mfalme kijana alibaki na taji, ila wa kumlinda walikuwa wamepungua.

Mwezi Desemba 1896, huko Rucunshu karibu na Gitarama, Abega waliinua silaha. Rutarindwa alipoona ameshindwa alijifungia nyumbani, akateketea kwa moto pamoja na mkewe na watoto. Musinga, angali mtoto, akatawazwa kwa jina la Yuhi wa Tano, na mamaye akatawala pamoja naye. Wosia wa mume ulivunjwa na mke aliyekabidhiwa kuulinda.

Wengi humsimulia Kanjogera kama mwanamke katili tu. Sisi hatumtakasi, lakini yafaa tuulize pia juu ya Rwabugiri, aliyempa mwanamke mamlaka makubwa kwa sharti la kumsahau mwanawe.

Wajerumani, na baada yao Wabelgiji, walimkuta Musinga katika enzi. Mnamo Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa, wakamweka mwanawe Rudahigwa, na Musinga akapelekwa Kamembe, yaani Rusizi ya leo, pamoja na mamaye. Hivyo ajuza huyo aliishi siku zake za mwisho kando ya ziwa lile lile lililokuwa upeo wa vita vya mumewe. Alifariki mwaka 1933. Mwanawe alihamishiwa Moba, Kongo, mwaka 1940, akafia huko mwaka 1944.