Nani Aliamua Kwamba Hatuelewi Mkato?

Mtu yeyote aliyefunzwa kupiga video, hata kama ni kwa simu, anaijua hii. Mama anabeba mtungi wa maji kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye shoti inayofuata, lazima azidi kwenda kulia. Ukivuka barabara na kamera yako, ataonekana anarudi kisimani. Mkono ulioshika mtungi uwe uleule, leso iwe imefungwa vilevile. Na ukikata, kata wakati anasonga, ndiyo jicho la mtazamaji lisishtuke. Huo ndio mwendelezo, somo la wiki ya kwanza.

Mimi nilifunzwa kama hesabu tu, kitu kisicho na mwenyewe. Kumbe kina historia, na kipande chake kimepitia hapa kwetu.

Kati ya 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulipiga kambi Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika. Ulitengeneza filamu 35, zikiwemo za kilimo, kodi na benki ya akiba ya posta, kisha ukazizungusha kwa lori ili kujua Waafrika wanaelewa nini. Mwaka wa 1939, Uingereza ikaanzisha Colonial Film Unit chini ya William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya Nigeria. Sellers alikuwa na imani moja: Mwafrika asiyejua kusoma hawezi kufuata filamu ya kawaida. Kwa hivyo shoti ziwe ndefu, mambo yaende polepole, hila za kamera zikae kando, na hadithi isiruke kutoka mahali hadi mahali.

Ushahidi ulikuwa gani? Mara nyingi, visa. Kinachojulikana zaidi ni cha kuku. Wanakijiji walionyeshwa filamu ya usafi, halafu wakaulizwa wameona nini. Wakasema, kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kuna kuku. Ikabidi waikague fremu kwa fremu, na kweli, kuku alikuwa amekatiza pembeni kwa kama sekunde moja. Kisa hicho kikasimuliwa miaka na miaka kuthibitisha kwamba Mwafrika hajui kutazama picha.

Hebu msomee mtu yeyote anayeediti kisa hicho. Atakwambia kwamba kitu kinachosonga ghafla huvuta jicho, na kwamba kosa lilikuwa la mpiga picha aliyemwacha kuku aingie. Wanakijiji waliona kilichowapita wenye filamu. Lakini aliyeandika ripoti hakuwa mwanakijiji.

Na wakati huohuo, wafanyakazi wa migodi kule Copperbelt, Zambia ya leo, walikuwa wanajazana kutazama sinema za makauboi. Ngumi, farasi, risasi, mikato ya harakaharaka. Hakuna aliyewapunguzia mwendo, na walifurahia tu.

Jambo la pili ni kuhusu meza ya kuhariria. Wakati wa vita, Colonial Film Unit iligawa kamera na filamu tupu kwa maofisa walio kwenye makoloni. Wao walipiga picha, kisha filamu ikasafirishwa London, na huko ndiko ilikohaririwa. Ukifikiria, kupiga ni kukusanya tu. Maana inatoka kwenye mkato, na mkato ulikuwa ng'ambo.

Ndiyo maana mwaka wa 1948 unanivutia. Mwaka huo shule ndogo ya filamu ilifunguliwa Accra, ikiwa na wanafunzi sita: watatu wa Gold Coast, watatu wa Nigeria. Waliofungua walitaka mafundi wa kuendeleza filamu zilezile za mafunzo. Lakini ukishamfunza mtu jinsi shoti mbili zinavyoshikana, huwezi kumchagulia atazishikanisha wapi. Mmoja wao, Sam Aryeetey, alikuja kuongoza shirika la filamu la Ghana, na akatengeneza No Tears for Ananse, hadithi ya yule buibui mjanja. Mwingine, Adamu Halilu, alitengeneza Shehu Umar mwaka wa 1976, kwa Kihausa. Si filamu za kumwelekeza mtu namna ya kunawa mikono.

Ungedhani imani ya Sellers ilizikwa na ukoloni. Mwaka jana niliediti video ya dakika nne kwa shirika fulani, ya kuonyeshwa wakulima. Maoni yakarudi: punguza mikato, weka maandishi makubwa, "community haitashika". Hao wakulima wana simu. Jioni wanatazama tamthilia za Kituruki na klipu za TikTok zenye mikato kumi kwa sekunde kumi. Nilipunguza, kwa sababu kodi ya nyumba hailipwi na historia. Ila niliuliza kama kuna mkulima hata mmoja aliyeonyeshwa ile ya kwanza. Hakuna.

Kwa hivyo wewe unayejifunza sasa, ujue ule mstari usiovukwa, ujue mkono gani ulishika mtungi. Hizo kanuni zinasaidia, na siku ukizivunja, uzivunje ukijua. Lakini mtu akikwambia watazamaji hawataelewa, muulize alikaa nao lini. Halafu chukua video yako, nenda uketi nao. Wakikwambia wameona kuku, rudisha nyuma utazame.