Wapiga Mbiu wa Wakimbizi

Hapo kale, katika miji yetu ya pwani, jambo kubwa lilipotokea mpiga mbiu alipita mitaani akipuliza pembe, na watu wakatoka majumbani mwao wapate kusikiliza. Mtu huyo hakuwa na cheo kikubwa, wala maneno aliyoyatangaza hayakuwa yake. Lakini bila yeye amri ya mkubwa isingefika mbali, wala kilio cha mnyonge kisingesikika mtaa wa pili. Ndiyo maana wazee wakasema kwamba mbiu ya mgambo ikilia, ina jambo.

Katika insha hii nataka tuwatazame wapiga mbiu wa namna nyingine, yaani wale ambao kazi yao ni kuuhabarisha ulimwengu juu ya watu waliofukuzwa makwao na vita au njaa. Vitabu vingi hutueleza habari za wanaogawa unga, mahema na dawa, na ni haki yao kusifiwa. Lakini unga haununuliwi bila fedha, wala fedha haitoki mfukoni mwa mtu asiyejua kwamba yuko mwenye njaa. Nasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe nilipata kuwa mwanagenzi katika kazi hiyo kwa muda wa miezi mitatu, kabla sijamaliza masomo yangu katika chuo cha ualimu. Yaliyonipata huko nitayaeleza mahali pake.

Tuanzie mjini London, mwaka 1919. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha nyamaza tangu Novemba 1918, lakini mataifa yaliyoshinda yaliendelea kuzuia meli za chakula zisifike kwa adui hadi mkataba wa amani utiwe sahihi. Basi katika miji ya Ujerumani na Austria watoto walidhoofika kwa njaa, ingawa hawakupata kushika bunduki wala kujua sababu ya ugomvi. Watu wengi wa Uingereza hawakuijua habari hiyo, na baadhi ya walioijua waliona kwamba adui anapata malipo yake.

Alikuwako mwanamke mmoja, Bibi Eglantyne Jebb, aliyezaliwa mwaka 1876. Alisoma historia katika Chuo Kikuu cha Oxford, kisha akajifunza ualimu, akafundisha kwa muda mfupi katika shule ya mji mdogo wa Marlborough. Hakudumu, kwani aliona kazi hiyo haimfai. (Sisi walimu tusimlaumu. Ni heri mwalimu anayetambua mapema kwamba darasa si mahali pake kuliko yule anayeng'amua baada ya miaka 30, wanafunzi wake wakiwa wamekwisha ng'amua siku nyingi.) Mwaka ule wa 1919 Bibi Jebb alisimama katika uwanja wa Trafalgar, akawa anawagawia wapita njia karatasi zenye picha ya mtoto wa Austria aliyekondeana kwa njaa. Sheria ya wakati wa vita ilikuwa ingali na nguvu, nayo ilitaka karatasi za namna hiyo zipitishwe kwanza kwa wakaguzi wa serikali. Zake hazikupitishwa. Alikamatwa, akashtakiwa, akatozwa faini ya pauni 5. Na yasimuliwa kwamba wakili wa serikali aliyemshtaki alimpa yeye mwenyewe pauni 5 kutoka mfukoni mwake. Mwezi wa Mei, yeye na dada yake Dorothy Buxton waliitisha mkutano mkubwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall, na hapo likazinduliwa shirika la Save the Children Fund.

Yatupasa tutue kidogo hapa. Kilichoigeuza mioyo ya Waingereza wale hakikuwa hotuba ya waziri wala hesabu ya mikate. Kilikuwa ni picha. Mtu aliyekuwa tayari kumchukia Mwaustria mwenye bunduki alishindwa kumchukia mtoto mwenye macho makubwa na mbavu zinazohesabika. Bibi Jebb aliligundua jambo hilo, akalitumia kwa bidii: matangazo yalijaa magazetini, na mwaka 1922 shirika lake likaonyesha filamu juu ya njaa ya jimbo la Saratov, kando ya mto Volga, huko Urusi. Wapiga mbiu wote waliokuja baada yake wamekuwa wanafunzi wake, hata wale wasiomjua kwa jina. Lakini twaona pia kasoro iliyozaliwa siku ile ile: wapita njia wa Trafalgar walimwona mtoto, ila hawakuwa na njia ya kumsikia.

Wakati huo huo Fridtjof Nansen, Mnorwe aliyekuwa amepata sifa kwa safari zake katika barafu ya kaskazini, aliteuliwa na Shirikisho la Mataifa mwaka 1921 kuwashughulikia wakimbizi wa Urusi, ambao walizidi milioni moja. Yeye ndiye aliyewapatia, tangu 1922, hati ya kusafiria iliyoitwa kwa jina lake, maana mtu asiye na taifa hana hata karatasi ya kumthibitisha kuwa yu hai. Naye pia alizunguka miji mingi akihutubia na kuonyesha picha.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Umoja wa Mataifa ulianzisha afisi ya Kamishna Mkuu wa Wakimbizi, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1951. Wengi hawajui kwamba kamishna wa kwanza, Gerrit Jan van Heuven Goedhart wa Uholanzi, alikuwa mwandishi wa magazeti. Nchi yake ilipokuwa chini ya Wajerumani alihariri gazeti la siri lililoitwa Het Parool, na mwaka 1944 akalazimika kutorokea London. Kwa hiyo alikuwa mkimbizi kabla hajawa mkuu wa kuwahudumia wakimbizi. Afisi yake ilipewa fedha kidogo mno, na kalamu ikawa ndiyo silaha yake ya kuombea nyingine.

Hapa naomba ruhusa ya kuchepuka, kwa ajili ya wale kati yenu wapendao mbio. Mwaka 1954, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Vancouver, Mkenya wetu Nyandika Maiyoro alitokea wa nne katika mbio za maili 3. Aliyeshinda alikuwa Mwingereza, Christopher Chataway. Miaka minne baadaye, mwaka 1958, Chataway huyo na vijana wenzake watatu walichapisha makala katika jarida dogo liitwalo Crossbow, wakipendekeza kwamba mwaka mzima utengwe kwa ajili ya wakimbizi ambao bado walikuwa wanaishi kambini Ulaya, zaidi ya miaka 10 tangu vita kwisha. Umoja wa Mataifa ulilikubali wazo hilo, na Mwaka wa Wakimbizi Duniani ukaanza Juni 1959. Stempu maalumu zikatolewa katika nchi nyingi, michango ikakusanywa, na kambi nyingi zile zikaanza kufungwa. Hayo yote yalitokana na makala moja ya vijana wanne. Mwanafunzi anayelalamika kuandika insha na alikumbuke hilo.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Mwaka 1943 alizaliwa jijini Nairobi mtu aitwaye Mohamed Amin, ambaye alianza kupiga picha angali kijana mdogo. Mwezi wa Oktoba 1984 alifika Korem na Mekele, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na mtangazaji wa BBC, Michael Buerk. Huko walikuta maelfu kwa maelfu ya watu walioyahama makwao kwa ukame na vita, wamelala nje katika baridi ya alfajiri, wakisubiri chakula kisichokuwako. Filamu ya Amin ilionyeshwa Uingereza tarehe 23 Oktoba, kisha ikaenea duniani kote. Watu walilia mbele ya televisheni zao. Wanamuziki wakatunga wimbo wa kuchangisha fedha, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika matamasha mawili makubwa kwa siku moja, London na Philadelphia.

Sina shaka kwamba kazi ya Amin iliokoa roho nyingi, nami namhesabu miongoni mwa watoto wakubwa wa nchi hii. Mwaka 1991 alipoteza mkono mmoja katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa, akarudi kazini. Na mwaka 1996 akafa katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara, ikaanguka baharini karibu na Visiwa vya Komoro. Hata hivyo, ukweli hauna budi kusemwa. Kwa miaka mingi baada ya filamu ile, watu wa nchi za mbali waliposikia neno Afrika waliona mtoto aliyekonda na nzi machoni. Mwethiopia aliyekuwa mkulima hodari, aliyejua majina ya nyota na majira ya kupanda, alibaki katika fikra zao kama mfupa ulionyoosha mkono.

Kisa cha Sharbat Gula chaonyesha jambo hilo kwa njia nyingine. Alikuwa msichana Mwafghani katika kambi ya wakimbizi karibu na Peshawar, nchini Pakistan. Mpiga picha Mmarekani, Steve McCurry, alimpiga picha mwaka 1984, nayo ikatokea katika jalada la National Geographic la Juni 1985. Macho yake ya kijani yakajulikana pande zote za dunia. Lakini jina lake halikujulikana mpaka mwaka 2002 alipotafutwa na kupatikana, akiwa mwanamke mwenye watoto. Miaka 17 ulimwengu ulimtazama bila kumwuliza anaitwa nani.

Wenye mashirika walianza kujirudi. Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika mengine walikubaliana kanuni 10 za mwenendo, na kanuni ya 10 yasema kwamba katika habari na matangazo yao watawaonyesha waliopatwa na maafa kuwa ni watu wenye heshima, si vitu visivyo na matumaini. Na mwaka huo huo, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, BBC ilianzisha matangazo kwa Kinyarwanda na Kirundi ili kuwasaidia waliopotezana kutafutana. Baadaye yakaitwa Gahuzamiryango, maana yake kiunganishacho jamaa. Naona hapo mbiu iligeuzwa upande: badala ya kuwaeleza wengine habari za wakimbizi, iliwaeleza wakimbizi wenyewe habari waliyoitaka kuliko zote, yaani fulani yu hai. Huko Kakuma nako, kambi iliyofunguliwa Turkana mwaka 1992, wakimbizi walianzisha gazeti lao wenyewe, KANERE, mwaka 2008.

Ni Kakuma ndiko nilikofanya uanagenzi wangu, katika idara ya habari ya shirika ambalo sitalitaja. Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno ya chini ya picha. Siku moja nililetewa picha ya mama mmoja aliyesimama penye bomba, ndoo miguuni pake, uso umekunjamana kwa jua. Nikaandika, tena kwa kujiona fundi: "Mama asiye na matumaini akingoja maji." Mkubwa wangu alinisifu, picha ikapelekwa Ulaya kupigwa chapa.

Juma lililofuata nilikutana na mama yule. Alikuwa ametoka Kongo, upande wa Kivu, na Kiswahili alikijua vizuri, ingawa matamshi yake hayakuwa kama yetu. Kwa furaha nikamsomea niliyoyaandika. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, nani alikuambia mimi sina matumaini? Uliniuliza?" Nikakosa jibu. Akasema kwamba alifundisha hesabu kwa miaka 19, na kwamba hata siku ile ya picha alikuwa akiharakisha kwenda kufundisha watoto wa kambini. "Uso ulikunjwa na jua," akasema. Nilipomwomba jina lake ili nisahihishe, alikataa, kwa maana ndugu zake walikuwa bado kule alikokimbia, na jina lingeweza kuwafikia waliowatafuta. Nikajifunza kwa mara moja kwamba kumtaja mtu kwaweza kuwa heshima, na kwaweza kuwa hatari, na kwamba wa kuamua ni mwenye jina.

Nilikimbia kwa mkubwa wangu. Aliniambia kwamba karatasi zimekwisha chapwa, na kwamba sentensi ile ilikuwa nzuri.

Nakala moja ninayo hadi leo, katika meza yangu ya shuleni. Maneno yangu yamepigwa mstari, na chini yake nimeandika kwa penseli yale aliyoniambia: mwalimu wa hesabu, miaka 19 kazini, anateka maji kabla ya kwenda darasani.